Kumi, kisha kumi nyingine: kuhesabu bata wa Januari kwenye delta ya Rusizi

Bata bukini wa kaskazini, wale wa jamii ya Anser, hawafiki kwetu Burundi. Wakikimbia baridi ya Ulaya huishia kwenye maji kama ya Ichkeul, Tunisia, bila kuivuka Sahara. Anayeivuka ni bata mdogo wa gramu 400 hivi, ambaye vitabu vya Kifaransa humwita sarcelle d'été. Huzaliana kuanzia Ufaransa hadi Siberia, kisha huja kupumzika Afrika. Ukitoka Bwiza, mtaa wa Bujumbura, alfajiri na kushika barabara ya Gatumba, unafika kwenye makazi yake ya Januari jua likiwa bado chini: delta ya Rusizi, iliyomo kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu tangu 2002.

Sensa ya ndege wa majini barani Afrika, iliyoanza 1991 na ambayo huratibiwa na Wetlands International, hufanywa mwezi huo kwa sababu nzuri. Wageni wametulia, wanaokuja wameshafika, na wanaorudi hawajaondoka. Ukihesabu Machi, ndege mmoja anaweza kuingia kwenye madaftari ya nchi mbili.

Bata huyu hurahisisha kazi upande mmoja na kuivuruga upande mwingine. Hula usiku, mchana husinzia juu ya maji ya wazi kwa makundi, kwa hiyo kundi halihamihami. Lakini Januari dume bado amevaa manyoya ya kahawia kama jike. Ule mstari mweupe juu ya jicho, unaomtambulisha hata kwa mgeni wa kazi hii, humrudia karibu Februari au Machi. Mhesabu hulazimika kusubiri waruke, aone bega la bawa lenye rangi ya buluu iliyofifia. Huko Ulaya baadhi ya bata bukini huvishwa kola zenye herufi, zikasomwa kwa darubini kutoka mbali. Huyu wetu, kama ana alama, ni pete ya chuma mguuni, na mguu umo ndani ya maji.

Basi mhesabu hukaa upande wa mashariki wa kundi, jua likiwa mgongoni, darubini ikiwa juu ya miguu mitatu. Huhesabu ndege kumi mmoja mmoja, kwa utulivu, hadi jicho lishike nafasi wanayoijaza. Kisha nafasi hiyo huisogeza juu ya kundi: kumi, kumi, kumi. Kundi likiwa kubwa, kipimo huwa mia. Hapo ndipo makosa huingia, kwa kuwa kundi linapokua, macho ya watu wengi huliona dogo kuliko lilivyo. Ndiyo maana watu wawili huhesabu kila mmoja peke yake na kulinganisha baadaye. Kukisia kwa sauti mbele ya mwenzako ni kumharibia hesabu yake.

Lakini kwangu mimi, tatizo kubwa la Rusizi ni mahali pa kusimama. Aprili 2020 mto ulivunja kingo, Gatumba ikafurika, watu wakapoteza nyumba. Miaka iliyofuata Ziwa Tanganyika lenyewe likapanda. Tope la ukingoni ambamo vitwitwi walikuwa wakidona lilifunikwa, na bata wakapata maji mapya juu ya mashamba. Mtu akirudi kwenye kituo chake cha zamani akakuta ndege wachache, ameona nini? Huenda ndege wamepungua. Huenda pia wako kilomita mbili kutoka hapo, kwenye mpunga uliozama, nje ya mpaka wa ramani yake.

Kwa hiyo ningetaka kila kituo kiwe na kigingi chenye alama za sentimita, na usawa wa maji uandikwe kwanza, kabla darubini haijafunguliwa. Baada yake saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na jina la kila sehemu iliyotazamwa, hata ile isiyokuwa na ndege. Hiyo huandikiwa sifuri. Nafasi tupu kwenye daftari haimwambii msomaji wa 2040 kama bata hawakuwepo au kama ni mhesabu ambaye hakufika.