Kusoma Uso wa Milimita Tano

Mtu akitaka kupima ubora wa sanamu ndogo ya askari wa Zama za Kati, ile ya michezo ya vita ya mezani, jambo la kwanza analofanya ni kuinyanyua na kuisogeza jichoni. Hapo ameanza vibaya. Sanamu hizi, nyingi zikiwa za kipimo cha milimita 28, hukaa mezani yapata mita moja kutoka kwa mchezaji, tena zikiwa zimepangwa kikosi kizima. Binadamu halisi ni mkubwa kuzizidi takriban mara 60, kwa hiyo kuitazama sanamu kutoka mita moja ni sawa na kumtazama mtu aliye mita 60 mbele. Katika umbali huo, nani huona weupe wa macho? Kinachoonekana ni giza chini ya nyusi, mstari wa pua, kivuli cha ndevu, na mashavu yanayoshika mwanga.

Mjuzi basi huirudisha sanamu mezani, akasogea nyuma, akajiuliza maswali mawili tu: huyu anatazama wapi, na jua liko upande gani? Uso uliopakwa vizuri hujibu yote mawili papo hapo. Uso mbaya ni doa la rangi ya waridi chini ya kofia ya chuma.

Sababu ni ya kimaumbile. Kwenye uso halisi vivuli hujitengeneza vyenyewe. Kwenye kichwa cha milimita nne au tano taa ya sebuleni haiwezi kuvitengeneza vya kutosha, na mchoraji analazimika kuvipaka kwa mkono, tena kwa kutia chumvi. Kwa kawaida hujifanya mwanga unatoka juu. Paji la uso, mgongo wa pua, mifupa ya mashavu na kidevu hupata rangi nyepesi; matundu ya macho, chini ya pua na chini ya taya hubaki na giza. Kofia ndiyo mtego wa wengi. Ukingo mpana wa kofia ya chuma ya mpiga upinde unatakiwa kuangusha kivuli hadi usawa wa macho, na bado kuna wachoraji wanaoliacha paji la uso linang'aa chini ya ukingo huo kana kwamba chuma kinapitisha jua.

Mbinu yenyewe ni kongwe kuliko plastiki na akriliki. Cennino Cennini, mchoraji wa Italia aliyeandika kitabu cha ufundi mnamo 1400 hivi, alielekeza uso uanzwe kwa udongo wa kijani, kisha rangi ya ngozi igawanywe katika vibakuli vitatu, kila kimoja chepesi kuliko kilichotangulia. Hata mayai ya kuchanganyia rangi aliyachagua: kiini kilichopauka cha kuku wa mjini kwa nyuso za vijana, chenye wekundu cha kuku wa shamba kwa wazee na watu wa rangi ya kukoza. Miaka 600 baadaye, kampuni ya Foundry ya Uingereza inauza rangi zake kwa seti za tatu tatu, kivuli, rangi ya kati na mwanga, na mchoraji wa sanamu Kevin Dallimore amejijengea jina kwa kupaka tabaka hizo bila kuzififisha kingo. Ukimsogelea askari wake kwa karibu unaona mipaka ya kila rangi. Wapo wanaouita huo ufundi nusu. Si kweli: mezani, uso wa namna hiyo huushinda ule uliolainishwa hadi ukapoteza mifupa.

Baada ya mtihani wa mita moja ndipo sanamu inastahili kushikwa, sentimita 30 kutoka jichoni, chini ya mwanga wa kawaida. Sasa mjuzi anatafuta damu. Uso wa mtu hauna rangi moja. Paji huelekea umanjano, pua, mashavu na masikio huwa na wekundu, na taya la mwanamume aliyenyoa juzi lina ukijivu unaokaribia buluu. Mchoraji anayejua mambo haya huyatia kwa rangi iliyoyeyushwa sana, nusu ya tone. Asiyejua hupaka uso mzima kahawia na kuuongezea nyeupe.

Macho, ambayo wanunuzi hukimbilia kwanza, yafuate hapa. Jicho zuri lina sifa tatu: weupe wake si mweupe bali ni wa krimu au kijivu, mboni imegusa kope ya juu, na macho yote mawili yanatazama upande mmoja. Mboni ikielea katikati ya weupe, askari anaonekana ameona jini. Tundu jeusi lisilo na jicho lolote ni bora mara mia kuliko mshangao huo.

Kisha zipo dosari zisizohusu sanaa. Mstari wa kalibu unaopita shavuni kutoka sikioni ni uvivu uliotangulia rangi, na hakuna rangi inayouficha. Vanishi inayong'aa huharibu vivuli vyote, kwa kuwa taa ya chumbani huchora mwanga wake yenyewe juu ya pua. Rangi nzito iliyoziba mdomo haisameheki.

Sehemu tamu zaidi ni historia, na hapa ndipo mjuzi hutengana na mpenda rangi. Waingereza waliopigana Agincourt, tarehe 25 Oktoba 1415, walikuwa wametembea zaidi ya wiki mbili baada ya kuzingira Harfleur, na ugonjwa wa kuhara damu ukawafuata njiani. Kikosi chao chenye mashavu mekundu ya afya kimepakwa vizuri na mtu asiyesoma. Mfalme wao, Henry V, alipigwa mshale usoni kando ya pua kwenye vita vya Shrewsbury mwaka 1403, akiwa kijana wa miaka 16, na tabibu John Bradmore ndiye aliyeutoa. Sanamu yake isiyo na kovu ina la kujieleza. Kwenye vita vya Towton, mwaka 1461, watu walipigana kwenye theluji, na pua nyekundu huko ni haki yao. Miongoni mwa mifupa iliyofukuliwa Towton mwaka 1996 imo ya mtu aliyekuwa na jeraha la taya lililopona miaka mingi kabla ya siku ile.

Ngozi nyeusi nayo ni mtihani unaowaangusha hata mabingwa. Mfano upo: katika kanisa kuu la Magdeburg, Ujerumani, imesimama sanamu ya mawe ya Mtakatifu Maurisi iliyochongwa katika karne ya 13, shujaa Mwafrika aliyevaa deraya ya minyororo, uso wake ukionekana wazi. Anayempaka Maurisi kwa kuongeza nyeupe kwenye kahawia hupata ngozi iliyopauka kama ya mtu aliyeoga akasahau mafuta. Mwanga wa ngozi hiyo hutoka kwenye rangi ya udongo mwekundu na chungwa, na sehemu inayong'aa huwa ndogo na kali, kwenye mfupa wa shavu na ncha ya pua.

Kwa anayenunua kwa picha, tahadhari moja. Picha hukuza kichwa hadi kikajaa skrini, na ukuzaji huo humpendelea mchoraji wa kope dhidi ya mchoraji wa mwanga. Muuzaji aombwe picha ya kikosi kizima kutoka umbali wa mkono, bila taa ya kamera. Hapo ndipo hubainika pia kama askari wote wana uso mmoja uliorudiwa kwa rangi ile ile, au kama yupo aliyechomwa na jua, mzee mwenye ndevu za mvi na kijana ambaye bado hajaota ndevu.