Mtihani: Mtumishi au Bwana?

Mwaka 1971 nchi yetu ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 tukaunda Baraza letu wenyewe kwa sheria ya Bunge. Shabaha ilikuwa mtihani uwatumikie Watanzania, wala si kuendeleza kasumba ya kikoloni ya kuchuja wachache. Inatupasa tujiulize kama shabaha hiyo imefikiwa.

Hadi 2023, mtoto aliyesoma mpaka kidato cha sita alipita mitihani ya taifa mara tano: darasa la nne, la saba, kidato cha pili, cha nne na cha sita. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, Serikali ilibeba ada ya mtihani wa kidato cha nne kwa shule zake. Hatua hiyo ilikuwa ya haki. Lakini tusijidanganye: gharama iliyotoka mfukoni mwa mzazi haikufutika, ilihamia kwa umma. Wanafunzi wakiongezeka, uchapaji, usafirishaji, ulinzi, usimamizi na usahihishaji navyo huongezeka, na jasho la mkulima na mfanyakazi ndilo linalolipia.

Wako wanaosema kwamba karatasi moja kwa wote humlinda mtoto wa mkulima dhidi ya upendeleo. Hoja hiyo ina ukweli, wala hatuipuuzi. Hata hivyo, usawa wa karatasi si usawa wa masomo. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Mwaka 2013 matokeo yalifutwa na kupangwa upya. Kupanga alama upya hakukuongeza mwalimu wa hisabati hata mmoja kijijini.

Azimio la Musoma la 1974 lilitaka tupunguze uzito wa mtihani wa maandishi na kuhesabu pia kazi na maendeleo ya mwanafunzi. Badala yake tumerundika majaribio ya wilaya na mkoa juu ya mitihani ya taifa, na madarasa ya mwisho yanakariri maswali ya miaka iliyopita.

Kwa hiyo, makada katika kamati za shule na mabaraza ya madiwani wadai hesabu kamili ya kila jaribio: limegharimu kiasi gani, na limemsaidia nani kujifunza. Lisilo na jibu liondolewe, na fedha yake iende kwa mwalimu, kitabu na maabara.