Potasiamu Inayopanda Lori

Ukiingia kwenye kibanja kinachotunzwa vizuri, kule Bukoba au Muleba, unakanyaga majani kabla ya kukanyaga udongo. Migomba, mibuni na maharage vimesimama juu ya matandazo ya majani makavu na magomba yaliyopasuliwa. Matandazo hayo husifiwa kwa kutunza unyevu na kuzuia magugu, na ni haki yake. Lakini udongo wa huko umetokana na mawe ya mchanga, na kandokando ya ziwa mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Rutuba huoshwa upesi. Migomba ilidumu palepale kizazi baada ya kizazi kwa sababu kibanja kilikuwa na mlipaji wake, nayo ni rweya.

Rweya ni mbuga ya nyasi iliyo nje ya makazi. Ng'ombe walishinda huko wakila, jioni wakarudi na samadi yao ikaishia kibanjani. Nyasi nazo zilikatwa, zikabebwa, zikatandazwa chini ya migomba. Eneo kubwa lilifukarishwa ili dogo lineemeke. Sotoka ya miaka ya 1890 ilipofyeka ng'ombe, malipo yalianza kusuasua, na siku hizi rweya inamegwa kwa mashamba ya miti na chai. Mkulima amebaki na mabaki ya mgomba wenyewe.

Yanatosha? Tupige hesabu. Tani moja ya mikungu hukadiriwa kuondoka na kilo 2 hivi za naitrojeni, kilo 0.2 za fosforasi, na kilo 5 au zaidi za potasiamu. Mkungu ukiliwa nyumbani, maganda huliwa na mbuzi au hutupwa migombani, na potasiamu nyingi hurudi. Ukipanda lori, imekwenda. Aliyeuza tani 10 ameuza kilo 50 za potasiamu, na majani hayawezi kuzifidia, kwani yenyewe yalizichota humohumo shambani.

Basi dukani. DAP na urea hazina potasiamu hata chembe. NPK 17:17:17 inayo, ila ile 17 ya mwisho huhesabiwa kama oksidi, hivyo mfuko wa kilo 50 una kama kilo 7 tu za potasiamu yenyewe. Kufidia kilo 50 utahitaji mifuko saba, na utakuwa umemwaga fosforasi zaidi ya mara kumi ya iliyotoka. Mifuko miwili ya MOP, yaani kloridi ya potasiamu, ingemaliza kazi. Kwa maoni yangu, kumuuzia mkulima wa ndizi mfuko wa NPK bila kumwonyesha hesabu hii ni kumpunja.

Mabaki pia hayatoi virutubisho vyote kwa mwendo mmoja. Potasiamu haijafungamana na nyuzi za mmea, kwa hiyo mvua za wiki chache tu huishusha kwenye mizizi. Naitrojeni husubiri vijidudu, na nyasi kavu kwanza huikopa iliyomo udongoni. Kwa hiyo urea ina nafasi yake, ila si juu ya matandazo, ambako hugeuka amonia ikapotelea hewani. Sogeza majani, chimba mfereji wa kina kifupi kuzunguka shina, fukia, rudisha majani. Usichimbe sana, mizizi ya mgomba iko juujuu.

Kuhusu gomba lililokwisha kuvunwa, ushauri hugongana. Likiachwa limesimama, akiba yake hushuka kwa binti, yaani chipukizi linalofuata. Likiachwa bichi, huwavutia fukusi kutaga mayai. Mimi ningeliacha pale ambapo fukusi ni wachache, na wakizidi ningelikata usawa wa ardhi na kulipasua kwa urefu likauke haraka.

Mgomba wenye mnyauko bakteria haumo katika hesabu hii. Mabaki yake hayatandazwi kwenye migomba mizima, na panga lililoukata hupitishwa motoni au kwenye dawa ya madoa kabla ya kugusa shina jingine.