Kivuli cha Saa Kumi

Saa nane mchana, jua likiwa bado kali, mama mkubwa hutoka uani na jiwe mkononi. Hutazama kivuli cha mwembe, akasogea hatua chache upande wa mashariki, akaliweka jiwe juani. Mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo nilimuuliza jiwe la nini. "Hapo ndipo tutakapokaa, mwanangu," akasema. Saa kumi wageni walipobisha hodi, kivuli kilikuwa kimeshafika kwenye jiwe.

Nyumba yake iko Ngamiani, Tanga, na ua wenyewe ni wa kawaida kabisa: mwembe mmoja, kamba ya nguo, na shina la mchaichai pale maji ya bafuni yanapotokea. Nimekaribishwa kwenye bustani za hoteli zenye taa na maua, lakini sijapata mahali panaponituliza kama pale. Zamani nilidhani ni ukarimu wake tu. Siku hizi naamini ni ufundi, na kama ufundi wowote, sehemu kubwa yake hufanyika kabla mtu hajaja kutazama.

Tuanze na hicho kivuli. Wengi wetu tungetandika mkeka palepale shinani. Yeye hathubutu. Mwembe una maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, na msimu wa maembe ukifika kuna matunda yanayoanguka na utomvu unaodondoka. Anachotaka ni kivuli bila mti. Kwa hiyo hukaa pale kivuli kinapofika jua likishaelekea magharibi, na anajua kwamba mwezi wa saba kivuli hulalia kusini, na Desemba huhamia upande wa kaskazini. Hakufundishwa na mtu. Amekiangalia kwa miaka.

Upepo nao ana hesabu yake. Wakati wa kusi, jiko la mkaa huwekwa kaskazini mwa mkeka. Kaskazi ikianza kuvuma, jiko huhama. Sijawahi kumwona mgeni wake akifikicha macho kwa moshi.

Kisha hunyunyiza maji, akasubiri udongo unywe, ndipo akafagia kwa fagio la chelewa. Hutanguliza jamvi la miyaa, ambalo ni gumu na halijali unyevu, na juu yake mkeka wa ukindu. Huu mkeka ningependa uuone kwa karibu. Majani machanga ya mkindu huchanwa membamba, mengine yakachemshwa kwenye rangi, yakasukwa kuwa ukili, utepe mrefu wa upana wa vidole vichache. Baadaye kili hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka zitoshe mkeka. Wa mama mkubwa una zambarau na kijani, na ukiinama utaona kwamba pembe za nakshi za ukili mmoja zinagusana na pembe za ukili wa pili, mstari baada ya mstari, hadi ukingoni. Aliyeushona hakukosea hata mahali pamoja. Mama mkubwa huufuta kwa kitambaa chenye unyevu na kuuanika kivulini, kwa sababu jua hukausha ukindu ukavunjika na rangi ikapauka. Rangi za mkeka wake bado zinang'aa.

Chakula ndiyo sehemu iliyonifungua macho. Niliwahi kualika watu kwangu Dar es Salaam nikapika pilau, kuku wa kupaka na kachumbari, na mchana kutwa nikawa baina ya jikoni na uani. Wageni walishiba, lakini hatukuzungumza. Nilipomsimulia, aliuliza jambo moja tu: "Uliinuka mara ngapi?"

Yeye hupima karamu kwa kipimo hicho. Kila kinachowekwa pale mkekani kimechaguliwa kisimwinue. Mihogo ya kuchoma, chumvi na pilipili, ndimu zilizokatwa. Maembe mabichi. Birika la chai ya mchaichai juu ya makaa yanayokaribia kuwa majivu, ili isichemke tena wala isipoe. Na vitumbua, ambavyo kazi yake yote ilimalizika kabla ya alasiri: mchele umelowekwa tangu usiku, umesagwa na tui zito, iliki na hamira, umeachwa uumuke, umechomwa kwenye chuma tundu moja moja, na kila kimoja kikageuzwa ukingo wake ulipoanza kuwa hudhurungi. Huvifunika kwa kawa, si kwa mfuniko wa bakuli. Kawa limesukwa, linapitisha hewa. Mvuke hutoka, nzi hawaingii, na kitumbua hubaki na ukingo mkavu.

Kuna mama mmoja jirani ambaye magoti yanamsumbua, hawezi kukaa chini. Kiti chake huwekwa ubavuni mwa mkeka, lakini hakiwekwi peke yake. Huwekwa viti vitatu, na mama mkubwa mwenyewe hukikalia kimoja kwa muda, ili yule mama asionekane ameinuliwa juu ya wenzake kama mgonjwa. Hilo lilinichukua miaka kuliona.

Jumapili iliyopita nilihesabu. Aliinuka mara mbili: kumpokea mjomba mlangoni, na kumfunga mtoto kiatu.

Mbu walipoanza, karibu na adhana ya Magharibi, alimimina chai ya mwisho na hakulijaza tena birika. Watu wakaelewa, jamvi likavunjwa, tukaagana polepole hadi mlangoni. Tulipobaki wawili aliniambia nishike pembe za upande wa pili. Tuliukung'uta mkeka kuelekea upepo unakokwenda, tukaukunja nakshi zikiwa ndani, naye akaubeba begani kuuingiza ndani kabla umande haujaanguka.