Nyumba ya bazee: nani analipa?

Kila mara "nyumba ya bazee" inatajwa, jibu iko tayari: ile ni desturi ya Bazungu, sisi bazee betu tunabatunza ku nyumba. Minaona jibu ile inaficha hesabu.

Huku Mutoshi na Kolwezi yote, muda murefu jamaa haikubeba mzigo peke yake. Gécamines ilitoa nyumba, hospitali, masomo ya batoto na posho ya bunga. Shaba njo ilikuwa inalipa. 2003 na 2004, kwa feza ya Banki ya Dunia, bafanyakazi zaidi ya 10,000 bakatoka mu ile mpango iliitwa Départs volontaires, kila mutu na feza yake ya mara moja. Uzee, yeye, si wa mara moja. Mzigo ukahamia kwa batoto.

Tuhesabu sasa. Juma moja iko na saa 168. Sheria ya kazi ya Congo inaruhusu saa 45. Basi, ili muzee mwenye hasimame tena asibaki peke yake hata saa moja, inaomba bafanyakazi karibu bane. Ku nyumba, kazi ya bale bane inafanywa na binti mumoja, bila franka, na masomo ao biashara yake inakufa. Tunaita ile upendo. Ni upendo kweli, lakini iko na bei. Mu nyumba ya pamoja, bale bane banaweza kuangalia bazee bengi kwa mara moja. Njo faida yake.

Feza itatoka wapi? Sheria ya madini ya 2018 inapatia miji, sekta na utawala wa kienyeji 15% ya redevansi, na sosiete inapaswa kutoa 0.3% ya mauzo ya mwaka kwa maendeleo ya wenyeji. Vizazi vijavyo vilipewa mufuko wao, 10%. Kizazi chenye kilichimba, mu mugawanyo ule, hakina fungu.

Lakini tusidanganywe na jengo. Ku kilimo tunajua: trakta inanunuliwa mara moja, mazuti ni kila siku. Jengo inakatiwa utepe, kisha mishahara ya bale bane inarudi kila mwezi.

Basomi wenzangu, siku utaitwa kuandika mapatano na sosiete ya madini, usiandike kuta tu. Andika mishahara.