UMATI SI UMMA: PICHA ZA RAY K. METZKER

Tunapoihakiki sanaa hatutazami ustadi peke yake. Tunatazama pia msanii anawaelezaje watu. Ray K. Metzker (1931–2014) alisomea upigaji picha katika Institute of Design mjini Chicago, Marekani, kuanzia mwaka 1956 hadi 1959. Kwa kazi yake ya kuhitimu alichagua eneo la Loop, kitovu cha biashara kinachozungukwa na reli iliyojengwa juu ya nguzo. Miongoni mwa majaribio yake ni kupiga picha zaidi ya moja juu ya filamu ile ile.

Mbinu hii ina maana gani? Nuru ya tukio la pili hupenya mahali palipokuwa na giza katika tukio la kwanza. Hivyo wapita njia ambao huenda hawakuonana hata mara moja hukutanishwa kwenye karatasi moja. Hapa ndipo penye ukweli wa kazi hii: mji wa kibepari huwarundika watu bila kuwaunganisha. Umati si umma.

Hapa pia ndipo penye upungufu. Kivuli cha karani na kivuli cha mwenye kampuni hupata uzito ule ule, na msongamano huonekana kama mvua, jambo lisilo na mwenyewe. Saa za kazi, kodi ya nyumba na nauli ndiyo mambo yanayowasukuma watu hao barabarani, lakini hayaonekani.

Hatusemi mbinu hii itupwe. Tunasema kwamba msanii anayepandanisha picha za watu hana budi kujiuliza swali la msingi: nani yuko juu ya nani, na kwa nini?