Nyumba kwenye meza ya vita

Mchezo wa vita wa mezani una askari wa kimo cha milimita 28, kete, na ardhi ya kutengeneza kwa mkono: vilima, barabara, nyumba, vyote katika vipande vya mraba ambavyo unavipanga upya kila unapocheza. Wafanyakazi wa mashirika wakisikia neno vita wanashtuka, wanauliza kama inafaa kwa vijana wenye walikimbia vita vya kweli. Swali ni la haki, lakini linaangalia askari. Mimi naomba tuangalie ardhi.

Ufundi huu ni wa zamani. Mwaka 1812 Mprusia mmoja, von Reisswitz, alimtengenezea mfalme wake meza ya vipande vya plasta vilivyopakwa rangi, mto hapa, msitu pale, unavipanga utakavyo. Mwaka 1913 Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu chake Little Wars, vita vya kuchezwa sakafuni. Siri ya vipande ni ukingo. Kipande kiwe kizuri namna gani, kama barabara haitokei katikati ya ukingo, kwa kimo kilekile, haitaungana na ya jirani. Vifaa ndiyo shida ndogo: kartoni ya mafuta, magazeti, gundi ya unga wa muhogo, mchanga wa ziwa. Na weusi wa ardhi ya Goma haununuliwi, bwana. Unasaga jiwe la lava, unanyunyiza juu ya gundi mbichi.

Kasoro ni nyumba. Katika mchezo huu nyumba ni maficho ya askari tu. Paa linafunguka ili umuingize, na ndani hakuna kitu. Hakuna sufuria, hakuna godoro. Barabara nayo ni ya jeshi, haina mama amebeba kidumu. Sisi wenye tulivuka Petite Barrière tunajua nani hujaza barabara kwanza.

Bodys Isek Kingelez wa Kinshasa, aliyefariki 2015, alienda njia nyingine. Kwa karatasi, kartoni na plastiki alijenga miji mizima. Mwaka 1994 alikichukua kijiji chake, Kimbembele Ihunga, akakipa maghorofa na uwanja wa mpira. Mwaka 2018 jumba la MoMA la New York lilionyesha kazi zake. Rangi zile zinalewesha, kweli. Ila kwake pia hakuna watu, na mji wake ni wa kutazamwa. Mkono wako haukaribishwi.

Mimi nataka vipande vya Reisswitz na rangi za Kingelez. Kimoja kiwe mpaka na foleni yake, kimoja migomba, kimoja ziwa, kingine chukudu imeegeshwa mlangoni. Na kanuni moja iongezwe: kila nyumba iwe na wenyewe, vijiti vitatu vinne vilivyopakwa rangi, nao wasogee kabla ya askari yeyote. Wakifika ukingo wa meza, wachezaji waunganishe kipande kingine.